Goli Lisilo na Wavu

Uwanja wetu wa Vingunguti hauna nyasi.
Una vumbi, una vipande vya pembe
vinavyoletwa na mbwa kutoka machinjioni,
na masika yakiukamata
tunaazima ndoo kwa kina mama wa mtaa
tuuteke kama kisima.

Sheria yangu ni moja: nusu saa ya daftari,
kisha mpira.
Wanakaa juu ya matairi, magoti ndiyo meza.
Andazi moja, watoto kumi na mmoja:
Shomari anasema haligawanyiki,
Kidawa anasema linagawanyika, ila halitashibisha.
Ndege inashuka juu yetu, tumbo wazi.
Tunanyamaza mpaka ifike kwenye uwanja wake,
kisha tunarudi kwenye wetu, kwenye sehemu.

Sikudhani huja wa mwisho.
Siku yake huianzia jalalani,
kiroba cha makopo kikubwa kuliko mgongo.
Akifika hunawa kwa maji ya dumu,
hunusa vidole, hunawa tena,
ndipo hushika penseli.
Ni golikipa. Amezoea, anasema,
kudaka vitu walivyotupa wengine.

Nisiseme uongo: alikuwa na mkono mwepesi.
Mara mbili nilimtoa uwanjani,
mara moja alinirushia kiatu.
Sikumtafutia methali. Nilimrudishia kiatu,
nikamwambia kesho mazoezi saa kumi.
Kesho, saa tisa na nusu, alikuwepo.

Fainali tulicheza na watoto wa Kigogo.
Zawadi: mpira mpya na jezi kumi na nne,
zimekunjwa mezani, zinanukia duka.
Zilibaki dakika tatu hivi.
Saa ya mwamuzi ilikuwa simu,
na simu ilikuwa na chaji ya kuomba.
Likaja shuti la chini, la mguu wa kushoto,
mpira ukapita pale pale mlingotini.
Nje? Ndani?
Goli letu ni miti miwili na kamba;
mpira ukipita hauachi ushahidi.
Mwamuzi alikuwa anafikicha macho kwa vumbi.
Akanyoosha mkono: umetoka.

Nami, mwalimu,
niliyeandika UAMINIFU ubaoni kwa chaki ya rangi mbili,
nilikuwa nimeona.
Nikainama kufunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa.

Ndipo sauti nyembamba ikatoka golini:
"Refa, umeingia."

Sijawahi kusikia uwanja ule ukinyamaza hivyo,
hata kwa ndege.
Shomari akajilaza kifudifudi vumbini.
Mtu mmoja pembeni akasema, mjinga huyu.
Tulifungwa moja bila.
Jezi zilikwenda Kigogo kichwani mwa kocha wao.

Tukirudi kando ya reli nilimuuliza,
wala si kwa upole, hasira yangu ilikuwa bado ya moto:
"Kwa nini ulisema?"
Akapiga jiwe teke, akalifuata, akalipiga tena.
"Mwalimu, yule anayenunua makopo
anaweka kidole kwenye mizani.
Kila siku robo kilo yangu inaliwa.
Ulipotufundisha robo nikapiga hesabu ya mwaka mzima.
Nikalia.
Sasa na mimi nikiweka kidole..."
Hakumaliza. Aliona kopo kati ya mataruma,
akaliokota, akamwaga maji yaliyobaki,
akalitia kirobani.

Nilisoma chuo miaka miwili,
nikapewa cheti chenye muhuri.
Aliyempa mtoto yule jina la Sikudhani
labda alijua kwamba mimi nitakuja.

Jumatatu nilifuta lile neno ubaoni.
Nikachora mizani, vibaya, mkono mmoja mrefu.
Wakauliza: leo hakuna mpira?
Upo, nikasema. Ule ule, ulioshonwa mara nne.
Lakini tukae kwanza.
Lile andazi bado hatujaligawa.